Matairi ya zamani ya tubula: kuyabandua, kuyachunguza na kuyabandika upya

Swali hili haliishi, na karibu kila mara huja hivihivi: mtu kapata baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980, fremu ya chuma, rimu nyembamba za Mavic, Fiamme au Super Champion, na matairi ni ya tubula, yaani yale yanayogandishwa kwenye rimu kwa gundi. Yanashika upepo. Hayajawa vipara. Mapya ni ghali, na madukani mwetu hayaonekani. Je, ayatumie hayahaya?

Huenda ndiyo, lakini si jinsi yalivyokaa. Tairi linaweza kuwa zima huku gundi yake imekufa zamani. Kwa hiyo usipande kwanza ukachunguza baadaye. Libandue, utazame ule upande wa chini ambao hakuna aliyeuona tangu siku lilipobandikwa, halafu ndipo uamue. Kazi ya mikono ni ya saa chache, ila kungoja gundi ikauke kutakula siku tatu au nne. Mwenye safari kesho asianze leo.

Hakikisha kwanza kwamba ni tubula

Tairi la kawaida lina ukingo mgumu unaonasa ndani ya ukuta wa rimu, na tyubu yake unaitoa kwa mkono. Tubula haina ukingo wala haina mlango. Ni kitambaa kilichoshonwa kuizunguka tyubu, kama soseji, na mshono wake umefunikwa kwa utepe wa pamba. Utepe huo ndio unaobandikwa. Rimu yake nayo haina kuta. Uso wake wa nje una mbonyeo mdogo tu wa kulala tairi.

Kwetu zinafika mojamoja, kwenye baiskeli za mitumba zinazoshushwa na makontena kutoka Ulaya na Japani. Ukimpelekea fundi asiyezijua, atachomeka vyuma viwili vya kutolea tairi atafute ukingo ambao haupo, na utepe utachanika. Mwambie mapema, au fanya mwenyewe. Walioko Italia wana nafuu: tangu mwaka 1997 kuna L'Eroica pale Gaiole in Chianti, mwendo wa baiskeli za mbio za kabla ya mwaka 1987, kwa hiyo mafundi wanaozijua gundi hizi hawajaisha.

Kwa nini gundi ya zamani haiaminiki

Nadharia ni hii tu. Nyuzi za kitambaa cha tubula zimekatizana kwa mshazari, karibu digrii 45. Ukijaza upepo, tairi hunenepa na papo hapo hutaka kufupika, kwa hiyo linaikaba rimu. Ndiyo maana tubula iliyojaa upepo huonekana imeshika kweli hata kama gundi imegeuka unga. Utajua ukweli siku ya pancha, au ukiingia kona kwa kasi, au rimu ikipata moto wa breki kwenye mteremko mrefu.

Tarehe 14 Julai 2003, kwenye Tour de France, mwendeshaji wa Kihispania Joseba Beloki alikuwa anateremka kuelekea mji wa Gap, lami imeyeyuka kwa jua. Gurudumu la nyuma likafunga, likateleza, tairi likatoka kwenye rimu, na yeye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Huyo alikuwa na mafundi wa timu nzima nyuma yake. Wewe una tairi lililobandikwa na mtu usiyemjua, mwaka usioujua.

Vitu vya kuandaa

- Gundi ya tubula yenyewe, kwa mfano Vittoria Mastik One au ile ya Continental ya rimu za alumini. Hesabu gramu 25 hadi 30 kwa gurudumu moja.
- Brashi ndogo ya nywele ngumu, upana wa sentimita moja hivi. Zikate nywele zibaki fupi; zikiwa ndefu zinamwaga gundi pembeni.
- Asetoni, vitambaa vya pamba visivyotoa manyoya, na glavu.
- Lateksi ya maji (gundi nyeupe ya vitambaa yenye harufu ya amonia, Uingereza huuzwa kwa jina la Copydex) kwa ajili ya utepe na mbavu za tairi.
- Kijiti butu cha mbao au mpini wa kijiko cha plastiki.
- Pampu ya kusimama yenye geji, na kiunganishi cha vali nyembamba za Presta.
- Tepu ya karatasi ya kufunika ubavu wa rimu pale breki inapokamata.
- Mahali penye hewa. Asetoni na gundi hizi hushika moto haraka: jiko lisiwe karibu, sigara isiwe karibu, na watoto wawe mbali.

Kuna maswali mawili nayajua yanakuja, kwa hiyo nayajibu hapahapa. Je, nitumie gundi ya fundi viatu? Kwenye rimu hapana. Hiyo ikishika, siku ya kubandua utepe utabaki kwenye rimu na tairi mkononi. Na supaglu? Hapana kabisa. Hukauka ikawa kama kioo, na kioo hakipindi pamoja na tairi. Gundi ya tubula hubaki na unato kidogo maisha yake yote, na unato huo ndio unaoulipia. Solusheni ya viraka nayo iache kwenye viraka.

Hatua kwa hatua

1. Toa upepo wote, usukume kwa vidole gumba. Laza gurudumu mapajani, sukuma tairi kwa upande, kwa nguvu, ukizunguka rimu nzima na pande zote mbili. Ukingo wa utepe ukinyanyuka ukaona alumini au gundi kavu chini yake, basi hapo palikuwa hapashiki. Hata kama hapanyanyuki popote, bado utabandua. Jaribio hili linakueleza tu utumie nguvu kiasi gani.

2. Bandua. Anza mkabala na vali, kamwe usianzie kwenye vali. Likitoka kwa vidole bila jasho, jua lilikuwa hatari. Likigoma, penyeza kijiti kati ya utepe na rimu hadi kichomoze upande wa pili, halafu kiviringishe polepole kuelekea vali, kushoto kisha kulia. Kikausha nywele kinasaidia kulainisha gundi ngumu. Bisibisi usiiguse: itakwangua rimu, na itatoboa kitambaa. Ukiona utepe unabaki kwenye rimu huku tairi linakuja, simama hapo na uanzie sehemu nyingine. Mwishoni chomoa vali kwa kuivuta wima.

3. Usome upande wa chini. Hapa ndipo penye habari zote, kwa hiyo usiharakishe. Tandaza tairi, uangalie utepe mwanga ukiwa wa kutosha. Gundi iliyobaki juu yake ikiwa laini na yenye unato, ni dalili nzuri. Ikiwa rangi ya kahawia nzito na inapukutika ukiikunja, imekwisha. Madoa ya kutu kuzunguka mshono maana yake maji yaliingia kupitia matundu ya spoki na kulala humo. Pamba hapo huenda imeoza. Bonyeza kwa ukucha. Pamba nzima hukaza, iliyooza huachia nyuzi kama karatasi iliyolowa. Angalia hasa sentimita tano za kila upande wa vali, maana maji hupenda kuingilia hapo.

Ukikuta kipande cha utepe kimebandikwa upya, na chini yake uzi wa rangi tofauti, mtu alishaziba pancha zamani. Si kasoro. Vuta kidogo uone kama mshono wake umekaza.

4. Chunguza mbavu na mpira wa juu. Kunja tairi taratibu kila baada ya kiganja kimoja. Nyufa ndogo kama mistari ya nywele kwenye mpira unaogusa barabara ni uzee wa kawaida, hasa kwa tairi lililotundikwa juani. Nyufa zinazoonyesha nyuzi chini yake ni habari nyingine. Mbavu za pamba au hariri hupakwa lateksi kiwandani, na tabaka hilo ndilo hutangulia kukauka, linarekebishika. Uzi uliokatika haurekebishiki. Na mpira wa juu ukianza kuachana na kitambaa pembeni, tairi hilo limemaliza kazi.

5. Jaza upepo kidogo likiwa nje ya rimu. Kiasi cha kulipa umbo tu, bar 1 hivi. Ukizidisha, tairi hujipindua na utepe hutokea nje, na mshono unateseka bure. Sikiliza vali. Zungusha tairi mkononi ukitafuta uvimbe, au mahali mpira wa juu unapokwenda mrama kama herufi S. Umbo hilo la S linasema nyuzi za ndani zimekatika upande mmoja.

6. Amua. Nina mafungu matatu tu.

Fungu la kwanza ni matairi yenye kitambaa kizima, mshono mzima, mpira ulioshikamana na vali isiyovuja. Hayo yanarudi barabarani. Lililo bora zaidi liende gurudumu la mbele, hata kama la nyuma litaonekana baya. Tairi la nyuma likitoka una nafasi ya kusimama, la mbele likitoka hupewi nafasi hiyo.

Fungu la pili ni yale yenye mpira uliochakaa au nyufa za juujuu, lakini kitambaa chake hakina kosa. Hayo yawe ya akiba, na nitarudi kuyasema.

Fungu la tatu ni uzi uliokatika, utepe uliooza, umbo la S, au uvimbe. Yasibandikwe hata kwa mtu mwepesi, hata kwa mwendo wa pole. Kata vali utunze kichwa chake, mengine tupa. Kama tairi linakutia shaka usiyoweza kuieleza, liweke fungu la tatu.

7. Rudisha utepe na mbavu. Utepe ulioachia sehemusehemu, inua kidogo, paka lateksi ya maji nyembamba pande zote mbili, ngoja ibadilike kutoka nyeupe kuwa ya uwazi, kisha kandamiza kwa kidole. Usivute utepe ukawa mrefu kuliko tairi, utajikunja. Kwa mbavu zilizokauka, changanya lateksi na maji kidogo, paka tabaka jembamba kwa kidole kilichovaa glavu, tairi likiwa na upepo wa umbo tu. Acha usiku kucha. Haitarudisha ujana, itazuia unyevu.

8. Safisha rimu, lakini si lazima uitakase. Kama gundi ya zamani imebaki kama ngozi nyembamba, sawasawa, bado ina unato, na unaijua ni ya aina gani, unaweza kuiacha na kupaka mpya ya aina hiyohiyo juu yake. Wakongwe wengi wanafanya hivyo. Ikiwa ina vinundu, inapukutika, au hujui ni gundi gani, iondoe: kwangua kwa kijiti cha mbao, halafu lowesha kitambaa kwa asetoni, kiache juu ya gundi dakika chache, kisha futa. Rudia. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Tahadhari tatu hapa. Asetoni inafuta stika za rimu, na kwa baiskeli ya kale stika ya Mavic GP4 iliyotulia ina thamani kuliko tairi lenyewe, kwa hiyo mimina kwenye kitambaa, usimimine kwenye rimu. Asetoni isiguse tairi. Na njia hii ni ya alumini tu; rimu za kaboni au zilizopakwa rangi zina utaratibu wake.

Rimu ikishakuwa wazi, pitisha kidole kuzunguka matundu ya spoki. Ukihisi ncha kali, ilainishe kwa msasa. Ukiona ufa unaotoka kwenye tundu la spoki, kazi ya tairi imeishia hapo hadi upate rimu nyingine.

9. Vika tairi bila gundi, lilale. Liweke kwenye rimu kavu, jaza hadi bar 6 au 7 (psi 87 hadi 102 hivi), mradi usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Liache saa 24. Usilipande. Hapa ndipo tairi baya hujitaja: uvimbe uliokuwa umejificha unatokea, tyubu iliyochoka inaachia. Afadhali lipasuke sebuleni. Tubula mpya huvikwa hivi ili linyooke na liingie kwa urahisi siku ya gundi. La zamani limeshanyooka, kwa hiyo kwako huu ni mtihani zaidi kuliko matayarisho. Likiingia kwa ulegevu mno, likazunguka kwenye rimu ukilisukuma kwa mkono kabla hujajaza, huenda limetanuka kupita kiasi au si saizi yake. Rimu za baiskeli kubwa za mbio huchukua tubula zilizoandikwa 28. Kuna ndogo zake za baiskeli za vijana, zisikuchanganye.

10. Paka gundi, tabaka jembamba. Funika ubavu wa breki kwa tepu ya karatasi. Paka rimu tabaka la kwanza, jembamba kiasi cha kuona alumini kwa chini, ukifika hadi kingoni kabisa. Kingo ndizo zinazoshikilia tairi kwenye kona, na ndizo wanaoanza huziacha kavu kwa kuogopa kuchafua. Siku hiyohiyo paka utepe tabaka jembamba, tairi likiwa na upepo wa umbo tu. Acha vyote saa 24.

Siku ya pili paka rimu tabaka la pili. Kama utepe umekunywa gundi yote ukabaki mkavu, nao upake tena. Acha saa 24 nyingine.

Siku ya tatu paka rimu tabaka la mwisho, jembamba kuliko yote, na ungoje dakika kumi au kumi na tano hadi ukigusa inanata bila kuvuta uzi mrefu. Watu huuliza kama tabaka moja nene lingefaa badala ya haya yote. Halifai: juu linakauka, ndani linabaki uji, na tairi linatambaa.

11. Vika. Tairi liwe na upepo kidogo sana. Simamisha gurudumu sakafuni juu ya kitambaa safi, tundu la vali likiwa juu. Ingiza vali wima, kisha shika tairi pande zote mbili za vali na uvute chini kwa uzito wa mwili, mikono ikishuka sawasawa kulia na kushoto. Usilegeze. Nguvu unayoiweka hapa juu ndiyo inakupa nafasi ya kumalizia kule chini. Ikibaki sentimita ishirini hivi, geuza gurudumu, liegemeze tumboni (vaa aproni, gundi hii haitoki kwenye nguo), na usukume sehemu ya mwisho ipande kwa vidole gumba. Usitumie chuma.

12. Nyoosha. Una dakika kadhaa kabla gundi haijakaza. Zungusha gurudumu, tazama utepe: uonekane sawa pande zote mbili za rimu. Halafu tazama mpira wa juu. Kama vimepishana, fuata utepe, maana ndio unaoshika; tairi la zamani halitakuwa limenyooka kama rula, na milimita moja au mbili za kuyumba hazitakuua. Inua sehemu iliyopotoka, igeuze, iachie. Kisha jaza bar 6 hadi 7, laza gurudumu kwa mshazari sakafuni na uliviringishe ukilikandamiza, upande mmoja kisha mwingine. Toa tepu ya karatasi na ufute gundi iliyogusa sehemu ya breki sasa hivi, kabla haijakauka. Acha saa 24.

13. Rudia jaribio la vidole gumba. Toa upepo, sukuma kama hatua ya kwanza. Pasinyanyuke popote. Panaponyanyuka, kijiti chembamba chenye gundi hakitoshi kama ni zaidi ya sentimita chache. Bandua sehemu hiyo pana, paka upya, ungoje upya. Pakishika pote, jaza upepo na uende mwendo wa kawaida kwenye barabara unayoijua. Mteremko wa Lushoto hadi Mombo usiwe wa kwanza. Breki za rimu zinapasha alumini joto, na gundi zote hizi hulainika kwa joto. Ukiteremka sana, kamata na kuachia, usiburuze breki mteremko mzima. Vivyo hivyo usiache baiskeli ndani ya gari lililofungwa juani.

Lile fungu la pili: tairi la akiba

Kama ungeniuliza kazi bora ya tubula kuukuu, ningesema ni hii. Barabarani huwezi kungoja gundi saa 24. Unachohitaji ni tairi ambalo utepe wake tayari una gundi kavu yenye unato, ulibandike juu ya gundi iliyobaki kwenye rimu baada ya pancha, na lishike kiasi cha kukufikisha nyumbani. Tubula mpya isiyopakwa kitu haiwezi kazi hiyo. Iliyotumika inaweza, na zaidi ya hapo imeshatanuka, inaingia bila kupigana hata vidole vikiwa vimechoka.

Paka utepe wake tabaka moja, liache likauke kabisa kwa siku mbili. Toa upepo wote, likunje utepe ukitazamana na utepe ili mpira wa juu ubaki nje, vali isikwaruze kitambaa, lifunge ndani ya soksi kuukuu na ulikaze chini ya siti kwa mkanda wa ngozi. Kila baada ya miezi miwili lifungue, ulijaze upepo, ulikunje mahali pengine, la sivyo litakatika pale pale lilipokunjwa. Na ukishalivika njiani, kona zote zichukue polepole. Ukifika nyumbani linabanduliwa, tairi halisi linabandikwa kwa taratibu zote.

Mambo yakienda kombo

*Upepo unaisha usiku mmoja.* Kabla hujatafuta pancha, fikiria tyubu. Matairi mengi mazuri ya zamani yana tyubu za mpira wa lateksi, na hizo huachia upepo zenyewe. Kujaza kila asubuhi ni kawaida yake. Ukiisha ndani ya saa moja, hapo kuna tundu.

*Mapovu yanatokea kwenye vali, lakini vali ni nzima.* Utepe huziba pancha isitoe hewa pale ilipo, kwa hiyo upepo husafiri ndani ya tairi na kutokea kwenye tundu la vali. Tundu halisi linaweza kuwa upande wa pili kabisa. Tafuta mwiba au kioo kwenye mpira wa juu kwanza.

*Tairi linadunda mahali pamoja kila mzunguko.* Kama ni kwenye vali, mara nyingi ni unene wa utepe unaopishana hapo, au vali haijaingia hadi mwisho. Kama ni kwingine, tafuta donge la gundi chini yake. Kama si donge na uvimbe unakua siku hadi siku, rudi fungu la tatu.

*Vali imelala upande baada ya siku kadhaa.* Tairi linatambaa kwenye rimu. Gundi haikushika, au ilipakwa nene. Usiendelee kulipanda, bandua uanze hatua ya nane.

*Nimepata utepe wenye gundi pande mbili, nitumie badala ya gundi?* Kwa tairi jipya, ni njia safi na ya haraka. Kwa la zamani siipendekezi: inashika kuliko utepe wa pamba ulivyoshikamana na tairi, na siku ya kubandua utapoteza utepe wa pamba wote.

*Breki zinapiga kelele au zinakamata kwa kushtuka.* Kuna gundi ubavuni mwa rimu. Futa kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa, mbali na tairi, na ukwangue mipira ya breki kwa msasa.

*Nimepata pancha kwenye tairi zuri.* Pancha ndogo, na vali yako inafunguka kichwa, jaribu dawa ya kuziba ya maji kabla ya kitu kingine. Ikishindikana, inabidi kushona. Bandua tairi, tafuta tundu, inua utepe kama sentimita kumi. Kabla hujakata uzi, chora mistari ya kalamu ikikatiza mshono ili baadaye matundu ya pande mbili yakutane. Kata uzi tu, vuta tyubu nje, bandika kiraka chembamba kuliko vyote ulivyonavyo, rudisha tyubu, ushone kwa kupita matundu yaleyale ya zamani ukiikinga tyubu kwa kipande cha plastiki. Kama mkono wako si wa sindano, mpelekee fundi viatu hatua hiyo ya kushona, umwonyeshe matundu, na umsihi asitoboe mapya. Utepe urudishe kwa lateksi, na tairi lipite tena hatua ya tisa kabla ya gundi.